Jumanne Alasiri: Baraza la Kusoma Makala ya Kompyuta huko Eindhoven na Austin, na Funzo Lake kwa Sera ya Utafiti

Utangulizi

Historia ya taaluma ya kompyuta husimuliwa aghalabu kama historia ya mashine na wavumbuzi. Hutajwa mwaka ambao mtambo fulani ulianza kufanya kazi, lugha ya programu iliyobuniwa, na kampuni iliyonufaika. Ni nadra kutajwa watu walioketi pamoja mezani wakasoma kwa makini yale yaliyoandikwa na wenzao. Makala haya yanachunguza baraza moja la aina hiyo, lililofahamika kwa jina la Klabu ya Jumanne Alasiri, lililoanzia Eindhoven nchini Uholanzi na baadaye kupata tawi mjini Austin, Texas. Hoja yetu ni kwamba baraza la kusoma ni sehemu ya miundombinu ya utafiti sawa na maabara, na kwamba lugha ndiyo malighafi yake ya kwanza.

Chimbuko

Edsger W. Dijkstra (1930–2002) alianza kufundisha katika Chuo cha Ufundi cha Eindhoven mwaka 1962, akiwa katika idara ya hisabati. Hiki kilikuwa kipindi cha wasiwasi. Mashine zilikuwa zikiongezeka nguvu kwa kasi, lakini programu zake zilichelewa, zilizidi gharama na zilijaa makosa. Mwaka 1968, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani, wataalamu walilijadili tatizo hilo waziwazi kama mgogoro wa programu. Mwaka huohuo Dijkstra alichapisha barua yake mashuhuri ya kupinga matumizi ya amri ya kuruka kutoka sehemu moja ya programu hadi nyingine. Alikuwa akisisitiza kwamba programu sharti iandikwe kwa namna ambayo akili ya binadamu inaweza kuifuata na kuithibitisha. Mwaka 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing.

Agosti 1973 alijiunga na kampuni ya Burroughs akiwa mtafiti, akafanya kazi zaidi nyumbani kwake Nuenen, karibu na Eindhoven. Uhusiano wake na chuo ukabaki wa siku moja kwa wiki, nayo ilikuwa Jumanne. Kutokana na uchache huo wa muda ndipo baraza lilipopata umbo. Badala ya kuitumia siku hiyo kwa vikao vya utawala, alasiri yake ilitengwa kwa ajili ya kusoma.

Utaratibu wa usomaji

Wanachama walichukua makala ya kitaalamu wakayajadili kwa pande zote: alama zilizotumika, mpangilio wa hoja, namna ya uwasilishaji, lugha na maudhui. Jambo la kuzingatia ni kwamba maudhui hayakutenganishwa na mengine. Kigeu kilichopewa jina baya, au sentensi yenye maana mbili, vilihesabiwa kuwa kasoro za hoja yenyewe. Msomaji aliyelelewa katika pwani ya Afrika Mashariki hatauona utaratibu huu kuwa mgeni kabisa. Katika darasa za msikitini, kitabu husomwa kifungu kwa kifungu na kila neno huulizwa sababu ya kuwapo kwake. Kilichotofautiana ni mamlaka ya matini: katika klabu hii, mwandishi wa makala hakuwa na heshima ya kumkinga dhidi ya maswali.

Usomaji huo uliambatana na uandishi. Dijkstra aliandika zaidi ya waraka 1,300 zenye nambari na herufi za jina lake, EWD, nyingi kwa mkono. Nakala zake zilitumwa kwa wenzake wachache, nao wakazitoa nakala na kuzisambaza zaidi. Hivyo fikra zilivuka mipaka ya chumba kabla ya kuwapo kwa mtandao wa intaneti kama tunavyoufahamu leo. Katika mazingira hayohayo, Netty van Gasteren aliandika tasnifu kuhusu umbo la hoja za kihisabati, akiuchukulia uchaguzi wa alama na majina kuwa mada stahiki ya utafiti.

Kuhama na kudumu

Mwaka 1984 Dijkstra alihamia Chuo Kikuu cha Texas, Austin, alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 1999. Huko nako klabu ya Jumanne ilianzishwa, huku ile ya Eindhoven ikiendelea bila yeye. Tukio hili lina uzito katika tathmini yetu. Linaonyesha kwamba baraza lilikuwa utaratibu unaoweza kurithiwa na kupandikizwa kwingine, wala halikuwa kivuli cha mtu mmoja tu. Hata hivyo, lilikuwa na udhaifu. Baraza dogo lenye mwelekeo mmoja huweza kugeuza ladha yake kuwa sheria, na likasahau kazi zinazofanywa kwa vigezo vingine. Anayetaka kuiga utaratibu huu hana budi kuyaalika mawazo pinzani mezani.

Funzo kwa ukanda wetu

Katika waraka wa mwaka 1975, Dijkstra alitoa maoni kwamba, pamoja na mwelekeo wa kihisabati, umilisi wa hali ya juu wa lugha ya mama ndiyo nyenzo muhimu kuliko zote kwa mwandishi wa programu. Kwa nchi ambazo mwanafunzi husoma kompyuta kwa lugha asiyoimiliki vyema, kauli hii si ya kupuuzwa. Kiswahili hakina upungufu wa istilahi. Kwa mashine moja tuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kinachokosekana ni mahali ambapo istilahi hizo zinajaribiwa ndani ya hoja nzito. Orodha ya kamati hulipa neno uhalali, lakini ni msomaji anayebishana na mwenzake ndiye hulipa neno uhai.

Hitimisho

Bajeti za sayansi huhesabu mashine, majengo na leseni, kwa kuwa hivyo huonekana. Historia ya Jumanne alasiri inatukumbusha gharama ndogo zaidi: chumba, makala, saa zilizolindwa dhidi ya vikao vingine, na watu walio tayari kusahihishwa. Tunapendekeza vyuo vikuu vya ukanda huu viyatambue mabaraza ya kusoma kuwa sehemu ya mzigo rasmi wa kazi wa wahadhiri, na kwamba mijadala yake iendeshwe kwa Kiswahili hata pale makala yanayosomwa yameandikwa kwa lugha nyingine. Hoja ambayo mtaalamu hawezi kuieleza kwa lugha anayoimiliki, huenda bado hajaielewa.