Sindano ya Brussels

Mwanamke asiyezaa huitwa tasa, na jina hilo amelibeba peke yake tangu zamani, ingawa mara nyingi upungufu ulikuwa wa mumewe. Habari zifuatazo ni za upungufu huo wa waume, na jinsi ulivyotafutiwa dawa.

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya tumbo la mama. Yai la mama lilitiwa pamoja na mbegu za baba katika chombo cha kioo, mbegu zikaachwa zijitafutie njia. Watu wengi walishangilia. Lakini dawa hiyo haikumfaa kila mtu: mbegu zilipokuwa haba au dhaifu, asubuhi ya pili mayai yalikutwa vile vile yalivyoachwa.

Kizuizi kilikuwa ngozi nene inayolizunguka yai. Katika miaka ya 1980 wataalamu waliitoboa, wengine wakaipasua kidogo, na wengine wakapenyeza mbegu kadhaa chini yake kwa sindano ya kioo. Faida ilikuwa ndogo, na pengine mbegu mbili au tatu ziliingia pamoja, yai likaharibika.

Mjini Brussels, Ubelgiji, kazi hiyo ilifanywa na daktari Mwitalia, Gianpiero Palermo. Kumbuka, msomaji, kwamba upana wa yai zima ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Siku moja, alipokuwa akiweka mbegu chini ya ngozi, ncha ya sindano ilipita mpaka, ikaiacha mbegu moja ndani ya yai lenyewe. Mtu mwingine angalilitupa yai lile. Yeye alilitunza, na yai likatungishwa.

Januari 1992 alizaliwa mtoto wa kwanza wa njia hiyo. Mwezi wa Julai, Palermo na wenzake walitangaza katika jarida la Lancet kwamba majaribio manane yalileta mimba nne, kwa watu ambao njia za awali ziliwashinda. Tangu hapo mume mwenye mbegu chache mno aweza kuitwa baba, ijapokuwa si kila sindano huleta mtoto. Siku hizi, kwa maoni yangu, sindano hiyo hutumiwa kupita kiasi, hata pale ambapo mbegu hazina ila yoyote.

Wala upungufu wenyewe haukufutwa. Mwaka 2016 madaktari wa Brussels walieleza uchunguzi wa vijana wanaume 54 waliozaliwa kwa njia hiyo, wenye umri wa miaka 18 hadi 22. Wingi wa mbegu zao ulikuwa karibu nusu ya ule wa vijana wenzao.