Mshale na Tarakimu Mkononi mwa Fundi wa Redio

Umeme hauonekani kwa macho. Tangu binadamu alipoanza kuutumia kupeleka habari, amekihitaji chombo cha kumwambia kama umo katika waya au haumo, na kama umo, ni kiasi gani. Historia ya chombo hicho ni ndefu, nayo ina fundisho kwa kijana wa Voi, Wundanyi au Taveta anayetaka kuwa fundi wa redio.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na kabla ya mwaka 1898 kwisha ilikuwa imekwisha pita Voi na kuvuka mto Tsavo. Kando yake zilisimama nguzo za telegrafu. Thamani ya nyaya hizo ilidhihirika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walijenga reli kutoka Voi kwenda Maktau, wakiyaelekea majeshi ya adui. Na tarehe 12 Februari 1916 walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita. Katika nyika ile kavu, jeshi lililo mbele lilitegemea maji, chakula na amri kutoka nyuma. Waya ukikatika, jeshi hugeuka kiziwi na bubu.

Fundi wa telegrafu aliipima njia yake kwa mshale. Asili ya kipimo hicho ni jambo aliloligundua Hans Christian Ørsted wa Denmark mwaka 1820: umeme upitao katika waya huisogeza sindano ya dira iliyo karibu. Kutokana na ugunduzi huo vilitengenezwa vipimo vingi, kimoja cha nguvu ya umeme, kingine cha mkondo wake, cha tatu cha ukinzani. Donald Macadie, fundi wa Posta ya Uingereza, alichoka kuvichukua vyote, akaviunganisha katika sanduku moja. Chombo chake kilianza kuuzwa mwaka 1923 kwa jina la AVO, yaani herufi za kwanza za ampea, volti na omu. Hiyo ndiyo multimita ya mshale.

Multimita ya tarakimu ilifuata baadaye. Vipimo vya kwanza vya volti vyenye kuandika tarakimu vilitokea Marekani katika miaka ya 1950, navyo vilikuwa vizito na ghali. Leo kipimo cha namna hiyo hutiwa mfukoni, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya mita nzuri ya mshale. Basi wengi hudhani kwamba shauri limekwisha, kwamba kipya kimekifuta cha zamani. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tusihukumu kabla ya kuvipima vipimo vyenyewe.

Chukua betri ya volti 9 na vikinza viwili vya omu 100,000 kila kimoja, vilivyofuatana. Kila kikinza hupata volti 4.5. Sasa pima kimojawapo kwa mita ya mshale yenye omu 20,000 kwa kila volti, iliyowekwa kwenye kipimo cha volti 10. Mita hiyo yenyewe ni njia ya omu 200,000. Huunywa umeme inaoupima, na mshale huonyesha volti 3.6 tu. Mita ya tarakimu yenye omu milioni 10 hunywa kidogo sana, nayo huonyesha karibu volti 4.48. Fundi asiyelijua jambo hili atakilaumu kifaa kizima, atakitoa na kununua kingine, na mwenye redio atalipa fedha kwa ugonjwa usiokuwapo. Hapa tarakimu imeshinda.

Lakini kulinganisha redio ni kazi nyingine. Fundi huizungusha koili kwa bisibisi ya plastiki, polepole, akitafuta mahali ambapo sauti ya stesheni ina nguvu kuliko pote. Hatafuti kiasi, atafuta kilele. Mshale hupanda mbele ya macho yake, husita, kisha huanza kushuka. Papo hapo ajua kwamba amepita, naye hurudi nyuma kidogo. Tarakimu hubadilika kwa kurukaruka, mara chache tu kwa kila sekunde, na kabla hajazisoma zimekwisha badilika tena. Katika mitambo ya kurushia matangazo yenye vali ni vivyo hivyo: mkondo hushuka ghafula mtambo unapolingana sawasawa, na jicho huuona mshale ukianguka upesi kuliko akili inavyosoma namba.

Jambo hili si dogo katika nchi ya milima. Juu ya kilele cha Vuria, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, imesimama minara ya mawasiliano. Mawimbi ya FM hupenda kwenda moja kwa moja, na mlima huyazuia. Nyumba iliyo nyuma ya mlima hupata mawimbi hafifu, na redio isiyolinganishwa vema haitayashika hata kidogo. Huenda siku hiyo habari ni ya mafuriko au ya maradhi, na nyumba hiyo isiisikie.

Basi, msomaji, ukiwa na fedha ya mita moja tu, nunua ya tarakimu, kwa kuwa kazi nyingi za fundi ni kutaka kujua kiasi. Lakini ukiikuta mita ya mshale imetupwa katika kabati la shule, usiicheke. Ifute vumbi, ijaribu, uiweke pembeni mwa ile mpya. Kila uchukuapo chombo, jiulize kwanza: je, nataka kujua ni kiasi gani, au nataka kujua kinaelekea wapi? Swali la kwanza hujibiwa na tarakimu. La pili hujibiwa na mshale.