Norman Barrett

Norman Rupert Barrett (1903–1979) alikuwa daktari mpasuaji wa kifua, mzaliwa wa Adelaide, Australia, aliyefanya kazi karibu maisha yake yote katika Hospitali ya St Thomas', London. Anakumbukwa zaidi kwa hali iitwayo umio wa Barrett: utando wa ndani wa sehemu ya chini ya umio hubadilika baada ya kuunguzwa miaka mingi na asidi inayopanda kutoka tumboni. Cha ajabu, alipoandika kuhusu hali hiyo mara ya kwanza, Barrett alikana kabisa kwamba sehemu ile ni umio.

Alipelekwa Uingereza akiwa mtoto, akasoma Eton na Chuo cha Trinity, Cambridge, kisha udaktari St Thomas'. Katikati ya miaka ya 1930 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo, na aliporejea alijikita katika upasuaji wa kifua. Kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa jarida la Thorax, lililoanzishwa 1946.

Kwa mtazamo wa mgonjwa, huenda kazi yake kubwa ni ile ya 1947. Mtu akitapika kwa nguvu sana, umio unaweza kupasuka na chakula kumwagika kifuani. Mholanzi Herman Boerhaave alikwisha kueleza mkasa huo mwaka 1724, lakini kwa zaidi ya karne mbili aliyepatwa nao alikuwa mtu wa kufa tu. Mwaka 1946 Barrett alichambua visa vilivyoandikwa hadi wakati huo. Mwaka uliofuata alimpasua mgonjwa wa namna hiyo, akaushona umio, na mgonjwa akapona.

Makala iliyompa jina ilitoka 1950. Kwa kawaida umio umetandikwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, nao utando wake ni mweupe wenye rangi ya waridi iliyofifia. Utando wa tumbo ni mwekundu, wenye seli ndefu zilizosimama kama nguzo. Barrett aliwaona wagonjwa ambao utando mwekundu ulipanda hadi kifuani, mara nyingine ukiwa na vidonda. Kwake jibu lilikuwa jepesi: umio ni sehemu iliyotandikwa seli bapa, basi, palipo na seli za nguzo ni tumbo, lililovutwa juu kwa sababu mgonjwa alizaliwa na umio mfupi. Hoja ilisimama imara kwa kuwa fasili ilikwisha kuamua kila kitu kabla mwili haujachunguzwa.

Waliouchunguza ni Philip Allison na Alan Johnstone wa Leeds. Mwaka 1953 walionyesha kwamba mrija ule haukuvikwa utando wa fumbatio unaolifunika tumbo kwa nje, misuli yake ilikuwa ya umio, na ndani mlikuwa na tezi za umio. Ulikuwa umio, ila utando ndio uliokuwa mgeni. Makala yao ilichapwa katika Thorax, jarida la Barrett mwenyewe, na ndio waliopendekeza vidonda hivyo vipewe jina lake. Mwaka 1957 Barrett alikubali hoja yao, ingawa bado aliamini kasoro hiyo ni ya kuzaliwa. Majaribio ya baadaye kwa mbwa yalithibitisha kuwa asidi inayopanda inaweza kuuleta utando huo.

Madaktari hawaupuuzi, kwa maana unaweza kuzaa saratani ya seli za tezi. Hatari yenyewe ni ndogo, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 kwa mwaka. Walio hatarini zaidi ni wanaume wa makamo na wazee, hasa Wazungu, wanene, wavutaji sigara, na wenye kiungulia cha miaka mingi. Uchunguzi hufanywa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani, vikakatwa vipande vidogo vya utando vya kupimwa. Palipoanza kuharibika huondolewa au huunguzwa kwa joto, bila kupasua kifua.

Afrika Mashariki ni habari nyingine. Saratani ya umio ni nyingi huku, na Hospitali ya Tenwek huko Bomet, Kenya, huwapokea wagonjwa wengi wasioweza tena kumeza, wengine vijana wa chini ya miaka 30. Lakini karibu wote wana saratani ya seli bapa, isiyoanzia kwenye umio wa Barrett.