Reli ya Kisangani hadi Kalemie: ilijengwa kwa ajili ya mizigo, watu wakaifuata kwa miguu

Watu wengi wa mashariki huuliza kwa nini hakuna treni ya kutoka Goma, Bukavu ama Bunia kwenda Kinshasa. Jibu liko mtoni.

Mto Kongo unapitisha meli kubwa kutoka Kinshasa mpaka Kisangani. Hapo maporomoko saba ya Boyoma yanaifunga njia. Utawala wa mfalme Leopold wa Pili haukuwa na haja ya kuunganisha miji ya wenyeji. Ulitaka pembe za tembo na mpira vifike baharini. Kwa hiyo reli iliwekwa hasa pale mto unapokataa meli. Ya Matadi hadi Kinshasa ilijengwa toka 1890 mpaka 1898, na wafanyakazi wengi walifia humo. Mashariki zikafuata Kisangani–Ubundu, kilomita 125, mwaka 1906. Kindu–Kongolo, mwaka 1911. Na Kabalo–Kalemie, mwaka 1915. Goma, Bukavu na Bunia haziko kwenye mto huo, basi hazikupata kitu.

Tuhesabu safari ya gunia moja kutoka Kalemie siku zile. Treni hadi Kabalo, meli hadi Kongolo, treni tena hadi Kindu, meli hadi Ubundu, treni hadi Kisangani, meli hadi Kinshasa, halafu treni hadi Matadi. Mara sita gunia linashushwa na kupakiwa upya, na mabega ni ya vibarua Wakongomani. Si ajabu wafanyabiashara wa Kalemie walitazama ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ambako reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika mwaka 1914.

Njia ya namna hiyo, kipande kimoja kikikatika, yote inasimama. Vita viliionyesha vibaya. Mwaka 1997, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamepiga kambi kandokando ya reli ya Ubundu, Biaro na Kasese, kusini mwa Kisangani. Mashirika ya misaada yaliwapandisha treni hadi mjini ili warudishwe kwao kwa ndege. Tarehe 4 Mei mabehewa yalijaa kupita kiasi, na watu 91 wakafa kwa kubanwa na kukosa hewa. Reli iliyopangwa kwa ajili ya mpira na pembe ndiyo pekee iliyokuwapo kuwaokoa.

Wakongomani nao walipita humo humo. Treni zilipokuwa haba, kando ya vyuma pakawa njia ya baiskeli na ya miguu: mawese na mchele kuelekea mjini, chumvi na sabuni kurudi vijijini. Mtu wa baiskeli anajisaidia. Lakini mama anayekimbia na watoto kutoka Ubundu ana kilomita 125 mbele yake mpaka Lubunga, na mataruma ya reli hayakupimwa kwa hatua ya mtoto.