Ng'ombe wa Kenya, dawa ya London na vidole vya Mwamgongo

Miaka 40 imeshatimia tangu jarida la Nature lichapishe, mwaka 1985, ugunduzi uliofungua njia ya dawa za kibayolojia kwa baridi yabisi sugu. Hapa Mwamgongo, kaskazini mwa hifadhi ya Gombe, ambako vidole vikivimba mtu hawezi hata kuanua dagaa mchangani, ni wachache wanaojua kwamba habari hiyo ilianzia Afrika Mashariki.

Kwa simulizi ya mwanasayansi Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kilichomtatiza miaka ya 1970 ni ng'ombe wa Kenya waliougua nagana. Walikonda hadi mbavu zikahesabika, kisha wakafa, ilhali vimelea vya mbung'o damuni mwao vilikuwa vichache mno. Nini basi kilikuwa kikiwala? Cerami alishuku mwili wenyewe: ukipambana na vimelea, humwaga kitu kinachoumaliza. Maabara yake ilikisaka kitu hicho miaka kadhaa, ikakiita kakektini. Mwaka 1985 Bruce Beutler wa maabara hiyo na wenzake wakabaini kuwa ndicho kilekile ambacho kundi la Lloyd Old, majirani zao mjini humohumo, lilikuwa limekiita TNF tangu 1975 kwa kuwa kiliua uvimbe wa saratani kwenye panya. Mmoja alitafuta tiba, mwingine alimtafuta muuaji, wote wakafika kwenye protini moja.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1992 watafiti Ravinder Maini na Marc Feldmann walijaribu London kingamwili ya kuzuia TNF, na wagonjwa wa baridi yabisi wakapata nafuu. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha etanercept, dawa ya kuzuia TNF. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza nyingine ya aina hiyo, adalimumab, kwenye orodha ya dawa muhimu.

Orodha peke yake haitibu. Sindano hizi hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na kutoka Kigoma mjini hadi hapa wengi husafiri kwa boti juani. Tena zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, hivyo kipimo chake hutangulia. Kwa mkoa huu wa Kigoma, ambao Kasulu na Kibondo zake ziliteswa na malale ya mbung'o huyohuyo, kuachwa nyuma namna hii ni aibu. Serikali ianze na wataalamu wa viungo, majokofu na bei.

Nawe msomaji, viungo vikivimba na kukakamaa kila asubuhi, usingoje wiki sita zipite: nenda hospitali.