Kadi ya Salio

Katika kituo cha treni cha Tokyo, malango ya abiria hukaa wazi. Hakuna anayesimama pale kukata tiketi. Abiria anakuja kwa mwendo wake wa kawaida, anagusisha kadi kwenye kibao kinachowaka, mlio mfupi unasikika, namba inatokea kwenye kiwambo kidogo, naye keshapita. Vizuizi viwili vya ubavuni hujitokeza kumzuia pale tu mashine inapokataa kadi yake. Ile namba anayoiona akipita ni fedha zilizobaki kwenye kadi. Kwa Kiswahili tunaiita salio, na neno hilo ndilo ningependa libebe jina la kadi yenyewe.

Watafsiri wengi, wakikutana na kadi hii katika vitabu vya wasafiri, huandika "kadi ya malipo ya kabla". Jina hilo linaeleweka, na kwa sarufi halina kosa. Tatizo lake ni kwamba halisemi kweli. Ukiingiza noti mbili za yen 1,000 kwenye mashine ya kituoni, bado hujalipia safari yoyote. Mashine haijui unakwenda wapi, wala haikuulizi. Unapoingia Shinjuku, kadi inaandikiwa kwamba umeingia Shinjuku. Unaposhuka Yokohama, lango linasoma ulikotoka, linapiga hesabu ya nauli ya umbali huo, ndipo linakata. Malipo yanafanyika mwisho wa safari, tena ukiwa umeshafika. Kilichotangulia ni kuweka fedha tu.

Mtu aliyelipa kabla kweli kweli yupo, tena anapita lango hilohilo. Ni mfanyakazi au mwanafunzi mwenye pasi ya mwezi 1, miezi 3 au 6, ambayo Wajapani huiita teiki. Huyo amelipia njia maalumu, tuseme kutoka kituo cha kwao hadi cha kazini, na katika njia hiyo hakatwi kitu hata akipita mara kumi kwa siku. Akivuka mpaka wa njia yake, tofauti ya nauli hukatwa kwenye salio lililomo katika kadi ileile. Kadi ni moja, malipo ni ya aina mbili. Sasa ukishaliita salio "malipo ya kabla", teiki utaiitaje? Tena upande wa Osaka kuna PiTaPa, iliyoanza mwaka 2004, ambayo hukuacha usafiri kwanza kisha deni likatwe kwenye akaunti yako ya benki baadaye. Nayo hugusishwa vilevile, na mlio ni uleule. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Istilahi ndiyo inayopaswa kufanya kazi hiyo.

Wajapani wenyewe husema "kadi ya IC", yaani wameiita kwa kipande cha elektroniki kilichomo ndani. Kwao inatosha, kwa kuwa ilikuja kuchukua nafasi ya kadi za utepe wa sumaku zilizoingizwa kwenye tundu la mashine. Kwetu jina la "kadi ya chipu" lisingemsaidia mtu. Kadi ya benki ina chipu, laini ya simu ina chipu, na kitambulisho nacho siku hizi kina chipu.

Wapo watakaosema tuite Suica tu, kama watu wa Tokyo. Jina hilo ni tamu na lina historia. Kampuni ya reli ya JR East ilianza kuuza kadi hiyo tarehe 18 Novemba 2001. Kwa Kijapani "sui sui" ni mwendo wa kuteleza bila kukwama, na suika ni tikiti maji. Kadi yenyewe ina rangi ya kijani. Msemaji wa Kiswahili hawezi kukosa kufurahi hapo, kwa kuwa kwetu pia tikiti la shambani na tikiti ya safari ni maneno jirani, na kwa wengi ni neno lilelile. Lakini Suica ni moja tu. Wa Kansai, upande ule wa Osaka, wana ICOCA, ambayo kwa lahaja yao inasikika kama mtu anayeuliza, "twende?" Tokyo kuna PASMO pia, Hokkaido kuna Kitaca, Nagoya kuna manaca. Tangu tarehe 23 Machi 2013 kadi 10 za namna hii zinapokelewa kila moja katika maeneo ya nyingine, hivyo mwenye Suica anapanda basi la Fukuoka bila kununua nyingine. Kitu chenye majina 10 ya biashara kinahitaji jina la jumla.

Kwa nini basi salio? Kwa sababu neno hili tayari limo kinywani mwa kila mwenye simu. Mtoto wa darasa la tatu anajua salio limekwisha maana yake nini. Anajua pia kwamba salio halijachagua matumizi: unaweza kupiga, kuandika ujumbe au kununua kifurushi. Kadi ya Japani iko hivyohivyo. Fedha ileile inalipa treni, basi, chupa ya chai kwenye mashine ya barabarani, tonge la wali dukani na kabati la kufungia mizigo. Hapa ndipo inapotofautiana na LUKU ya Tanzania, ambayo watu hupenda kuitolea mfano. Kwenye LUKU umeshanunua uniti za umeme, na uniti hizo hazinunui kitu kingine. Hata hivyo walioibuni LUKU wametufundisha jambo. Waliposema Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, walitazama mtumiaji anafanya nini, hawakukimbilia kufasiri neno la kigeni.

Vitenzi navyo vinahitaji uangalifu. Wajapani husema "chaji" kwa kuongeza fedha kwenye kadi. Tukisema "kuchaji kadi", msomaji wetu atatafuta waya. Kadi haina betri hata ndogo: umeme wake inaupata hewani, kutoka kwenye mawimbi ya kibao, kwa ile nukta ya sekunde inapokaribiana nacho. Tuseme kuongeza salio, au kujaza, hadi kikomo cha yen 20,000.

Kitenzi cha pili ni kugusisha, na hiki nakitetea kwa nguvu zote. Katika majaribio ya malango haya, miaka ya 1990, abiria wengi walishindwa kupita. Walipunga kadi hewani, au waliipitisha upesi mno, na mawasiliano yakakatika kabla hesabu haijakamilika. Mbunifu Shunji Yamanaka aliwachunguza watu wakipita, akajaribu maumbo mbalimbali, na mwishowe kibao kikainamishwa kumwelekea abiria kwa nyuzi 13.5. Watu wakaambiwa waguse. Kiufundi kadi inasomeka hata ikiwa sentimita chache juu ya kibao, lakini mtu anayegusisha anauchelewesha mkono kwa kiasi kinachotosha. Kwa hiyo "pitisha kadi" ni maelekezo mabaya, na "gusa" pekee humfanya mtu aweke kidole. Kiambishi kile kidogo cha -ish- kinaeleza kwamba kadi ndiyo inayogusa.

Yen 500 unazoacha unaponunua Suica ya kawaida ni amana. Hazimo katika salio, na hurudishwa ukirudisha kadi. Amana ni neno la Kiswahili la tangu zamani, na hapa limekaa mahali pake kabisa.

Msafiri atakayeshika maana ya salio atajua pia linakoishia. Ukigusisha Tokyo ukapanda treni za kawaida hadi Nagoya, lango la Nagoya halitakufungulia hata ukiwa na yen 15,000, kwa kuwa safari imevuka eneo la hesabu moja kuingia jingine. Hapo unamwona mhudumu wa dirishani. Salio lisipotosha katika safari ya kawaida, kando ya lango kuna mashine ya kulipia tofauti. Kwenye mabasi ya Jiji la Tokyo yenye nauli moja unagusisha mara moja unapopanda kwa mlango wa mbele. Kyoto, katika mabasi ya jiji ya nauli moja, unapanda nyuma na kugusisha unaposhuka. Kwenye mabasi yanayotoza kwa umbali unagusisha mara mbili. Na Kumamoto, kampuni 5 za mabasi na reli ziliacha kupokea zile kadi 10 mwaka 2024, kwa sababu ya gharama za kubadilisha mitambo.

Ndugu mtafsiri, ukiletewa tena kijitabu cha wasafiri wa Japani, andika kadi ya salio, na chini yake uandike: ongeza salio, gusisha kadi, rudishiwa amana.