Sabuni ya mitishamba: Biashara ya nyumbani inayotaka mizani na subira

MWAROBAINI ni mti usiohitaji kutafutwa mbali katika mitaa ya Kisauni, Mombasa. Majani yake huchemshwa ili kumwogesha mtoto aliyetokwa na vipele, na vijiti vyake hupigiwa mswaki. Mshubiri hupandwa makoponi barazani, nayo manjano, liwa na karafuu ni vitu ambavyo kina mama wa Pwani wamejipambia tangu enzi za nyanya zao.

Si ajabu basi kwamba anayewaza biashara ndogo ya kufanyia nyumbani huifikiria mapema sabuni ya mitishamba. Malighafi nyingi zi karibu, mtaji wa kuanzia si mkubwa, na kila nyumba huoga.

Hata hivyo, biashara hii huwashinda wengi kwa sababu tatu. Asiyepima huwachoma wateja ngozi. Asiyesubiri huuza sabuni isiyokomaa. Naye asiyepiga hesabu hufanya kazi ya bure bila kujua.

Kostiki si magadi

Sabuni hupatikana pale mafuta yanapochanganywa na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Viwili hivyo hubadilika na kuwa sabuni pamoja na glisirini, ile inayoilainisha ngozi. Mitishamba huongezwa tu kwa ajili ya rangi, harufu na sifa zake. Kwa hivyo anayedai kwamba sabuni yake ngumu haikupitia kostiki hata kidogo anawapotosha wanunuzi.

Mwanagenzi asichanganye kostiki na magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, ambayo watu hulainishia mboga, wala na soda ya kuumulia mandazi. Hizo mbili hazina nguvu ya kugeuza mafuta ya kawaida kuwa kipande cha sabuni. Kostiki nayo huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho, kwa hivyo haitumiki jikoni kamwe.

Kwa nini mafuta ya nazi

Wakazi wengi wa Kisauni hutumia maji ya visima, ambayo mara nyingi huwa na chumvi. Sabuni nyingi hugoma kutoa povu katika maji ya aina hiyo. Sabuni yenye mafuta mengi ya nazi hutoa povu hata katika maji ya chumvi, ndiyo sababu tangu zamani mabaharia waliitumia kuogea maji ya bahari. Mtengenezaji wa Kisauni ana jambo la kweli la kumwambia mteja wake hapo.

Lakini sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Dawa yake ni kuchanganya na mafuta mengine. Kipimo kifuatacho ni cha kilo moja ya mafuta, nacho chamfaa anayeanza:

Mafuta ya nazi gramu 500, mafuta ya mawese gramu 300, mafuta ya mbegu za mwarobaini gramu 100, mafuta ya nyonyo gramu 100, kostiki soda gramu 152 na maji gramu 304.

Kila aina ya mafuta hudai kiasi chake cha kostiki. Mafuta haya kwa jumla yangeweza kumaliza gramu 160 hivi. Zimepunguzwa gramu 8 makusudi, ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kuikinga ngozi. Akiba hiyo ya gramu 8 haifiki hata kijiko kimoja cha mezani. Ukikosea kwa kijiko kimoja tu, kostiki itabaki hai ndani ya sabuni. Ndiyo maana kikombe na kijiko havifai; sharti upate mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Na ukibadilisha aina ya mafuta, sharti upige hesabu ya kostiki upya.

Maji ya kisima yasitumike katika mchanganyiko huu. Tumia maji yaliyotoneshwa, au maji ya mvua yaliyochujwa vizuri.

Hatua za kazi

Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, nayo kostiki huila alumini na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Vaa glavu, miwani ya kukinga macho na nguo za mikono mirefu. Fanyia kazi mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali.

Pima maji kwanza, kisha mimina kostiki ndani yake polepole huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki, kwani yataruka kwa ghafla. Mchanganyiko utapanda joto hadi kukaribia kuchemka, nawe usiuvute mvuke wake puani. Uache upoe hadi nyuzi 40 au 45 za Selsiasi, na mafuta yawe na joto lilo hilo.

Mimina maji ya kostiki katika mafuta, ukoroge bila kuacha. Kwa mwiko kazi hii yaweza kuchukua muda wa saa nzima. Kwa mashine ya mkono ya kusagia, dakika chache. Mchanganyiko uko tayari unapokuwa mzito kama uji, na alama ya mwiko inapobaki juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo ndipo huongezwa mitishamba na manukato.

Mimina kwenye kisanduku kilichotandikwa karatasi ya plastiki, ufunike kwa saa 24, kisha ukate ungali umevaa glavu. Kilo moja ya mafuta hutoa vipande 12 vibichi vya gramu 120 hivi.

Kostiki ikikurukia, osha mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Usipake siki. Ikiingia jichoni, osha vivyo hivyo na uelekee hospitalini mara moja. Mtoto akiimeza asitapishwe, akimbizwe hospitalini. Isihifadhiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa.

Wiki nne za kungoja

Sabuni iliyokatwa leo haiuzwi kesho. Huhitaji wiki nne hivi juu ya waya au fito zinazopitisha hewa, kivulini, vipande visigusane. Katika muda huo maji hupungua, sabuni hukaza, na hudumu zaidi bafuni. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, unyevu wa Mombasa huchelewesha kazi hii, na glisirini huvuta maji ya hewani hata vipande vikaonekana kama vinatoa jasho. Panga uzalishaji wako ukizingatia majira hayo.

Kabla ya kuuza, pima kila mkupuo kwa karatasi za pH. Sabuni salama husoma kati ya 9 na 10. Ikizidi hapo, ingoje. Ikikataa kushuka, isiuzwe. Jaribu kwanza kipande kimoja wewe mwenyewe mikononi.

Mitishamba nayo ina mipaka

Majani ya mwarobaini yakaushwe kivulini, yasagwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha mezani chatosha kwa kilo ya mafuta. Rangi yake ya kijani hugeuka kahawia kadiri siku zinavyopita, na mafuta ya mbegu zake yana harufu kali inayokaribia ya kitunguu saumu. Mchaichai husaidia kuituliza. Manjano huwa mekundu yanapokutana na kostiki, kisha hutulia. Majani mabichi na matunda yaepukwe, kwani huoza.

Mafuta ya manukato kwa jumla yasizidi gramu 30 kwa kilo ya mafuta. Karafuu na mdalasini ni kali mno kwa ngozi, tena huufanya mchanganyiko ugande kwa ghafla. Hayo yasizidi gramu 5.

Hesabu inayosahaulika

Tuchukue mfano. Tuseme mafuta yamegharimu Sh650, kostiki na manukato Sh150, karatasi na lebo Sh120, na nauli ya kwenda sokoni Kongowea Sh100. Jumla ni Sh1,020. Ukijilipa Sh200 kwa saa mbili za kazi, utafikia Sh1,220, yaani takriban Sh102 kwa kila kipande.

Anayeuza Sh100 ataona Sh180 zimebaki mkononi na kudhani amepata faida, ilhali hata ujira wake haujatimia. Anayeuza Sh150 atabaki na Sh580; lakini vipande viwili vikichukuliwa kwa mkopo usiolipwa, faida hiyo hushuka hadi Sh280.

Vilevile, anayetengeneza mkupuo mmoja kila wiki atakuwa ametumia Sh3,200 kwa mafuta, kostiki na manukato kabla ya kuuza kipande cha kwanza, kwa sababu ya zile wiki nne za kungoja. Pesa hizo zisitoke katika kodi ya nyumba wala karo. Ukishaumudu mkupuo wa kilo moja, tengeneza kilo nne kwa pamoja: nauli ni ile ile, na saa za kazi haziongezeki mara nne. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Soko na sheria

Mbali na majirani na soko la Kongowea, kuna hoteli za ufuo wa Nyali, Bamburi na Shanzu, pamoja na maduka ya zawadi. Hoteli hutaka vipande vidogo vinavyolingana na ugavi usiokatika, na huenda isilipe papo hapo. Kikundi cha kina mama hukidhi masharti hayo kwa wepesi zaidi kuliko mtu mmoja. Wanawake wa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, wameonyesha njia kwa kutengeneza sabuni kutokana na mwani wanaoulima wenyewe, kama wafanyavyo wenzao wa Zanzibar.

Mwenye kuuza huhitaji leseni ya biashara ya Kaunti ya Mombasa na idhini ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, Kebs. Lebo ionyeshe viambato vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na mahali mtengenezaji anapopatikana.

La mwisho ni ulimi wa muuzaji. Jina la mwarobaini latokana na imani kwamba hutibu maradhi 40, nao wauzaji hushawishika kuahidi kwamba sabuni yao huponya chunusi, mba na ukurutu. Kipande kinachouzwa kama tiba huingia katika mamlaka ya Bodi ya Dawa na Sumu, na mteja mwenye ugonjwa wa kweli hupoteza miezi badala ya kumwona daktari. Wala usiahidi weupe. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998.

Sema tu kwamba sabuni yako inasafisha, inatoa povu katika maji ya kisima, na imepimwa na kungojwa hadi ikakomaa. Maneno hayo yakiwa kweli, mteja atarudi, na atakuja na jirani yake.